Gari la Maiti Si Nganya: Barua ya Wazi kwa Wenye Kampuni za Mazishi

KWA: Wamiliki na wakurugenzi wa kampuni za huduma za mazishi, Nairobi na kwingineko nchini Kenya

NAKALA: Mafundi wenzangu wa bodi mnaowaundia magari hayo

Waheshimiwa,

MINT: SURA YA MAGARI YA KUBEBEA MAITI YA SIKU HIZI

Poleni na kazi. Naanza hivyo kwa sababu kazi yenu wanaiweza wachache. Kuitwa usiku wa manane kwenda kumchukua mtu msiyemjua, kumwosha na kumvisha, kisha kusubiri kwa adabu huku jamaa wakigombana mbele yenu juu ya nani alipe nini, si jambo dogo. Wafanyakazi wenu sina neno nao. Malalamiko yangu ni juu ya magari, na juu yenu ninyi mnaoamua yawe na sura gani.

Haya ningependa tuyamalize ofisini. Baada ya mazishi ya shangazi yangu niliiandikia kampuni iliyotuhudumia, ambayo sitaitaja. Barua haikujibiwa. Nikapiga simu, nikaambiwa nitapigiwa. Mwishowe nikaenda mwenyewe, nikapewa kiti na soda, na meneja akanisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza. Kisha akanipa brosha ya magari mapya yanayokuja, nijionee wanavyozidi kuboresha huduma. Kila kitu nilichokuwa nimekilalamikia kilikuwa kimeongezwa maradufu. Ndipo nikaamua kuandika hadharani, tena kwenu nyote, maana nikitazama magari ya kampuni nyingine naona mnafuatana.

Mimi ni fundi wa bodi za matatu hapa Nairobi, kwa miaka mingi sasa. Nganya, yaani matatu zilizopambwa, nazijua na nazipenda: taa, michoro, spika, viti vya ngozi. Matatu inapigania abiria, na kijana wa Rongai au Umoja ataacha magari matatu yampite akisubiri lile linalong'aa. Sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutumika mwaka 2004, tukalazimika kuchora utepe wa manjano na kufuta michoro, jiji lilinyauka mbele ya macho yetu, na michoro iliporudi tulifurahi. Kwa hiyo anayewaandikia si mzee anayechukia rangi. Ila gari la maiti halipiganii abiria. Abiria wake ameshapatikana.

Hoja yangu ni hii: magari mnayoyatoa siku hizi yameundwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyesimama kando ya barabara. Waliomo ndani, aliyekufa na walio hai, wanafikiriwa baadaye.

Wala msinijibu kwamba natamani ya kale. Ya kale nayakumbuka. Nakumbuka Peugeot 504 zikitoka Nairobi na jeneza juu ya keria, limefunikwa turubai na kufungwa kwa mipira ya tyubu, mvua ya Kericho ikilipiga njia nzima. Nakumbuka Landrova za misheni, mabenchi ya bati huku na huku na jeneza sakafuni katikati ya magoti ya watu. Nakumbuka malori, wafiwa wamelizunguka jeneza wakiimba hadi sauti ziwakauke. Sitaki turudi huko. Vumbi liliingia, kamba zilikatika, na mtu mzima alisafirishwa katika gari la mahindi kwa sababu hapakuwa na jingine. Lakini magari yale yalikuwa na mambo mawili ambayo haya ya leo yameyapoteza. Yalifika. Na yaliwaacha watu wakae karibu na mtu wao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari halifiki nyumbani.

Naanza na umbo kwa sababu ndilo lililotutesa zaidi. Mtindo mnaoshindania sasa ni gari refu la chini: saluni au steshen wagoni iliyokatwa katikati, chasisi ikaongezwa kipande, ikachomelewa na kufunikwa paneli. Kila fundi anaijua hesabu yake. Ukisogeza tairi za nyuma mbali na za mbele bila kuinua gari, tumbo linagusa chini kila linapovuka mwinuko. Kwenye lami ya Nairobi halisumbui sana, ukiondoa matuta. Lakini Wakenya wengi hatuziki kando ya lami. Tunazika bomani, kwenye shamba la baba au la mume, na njia ya kufika huko ni ya udongo, ina mtaro na daraja la magogo, na mvua haijui kwamba leo ni siku ya mazishi.

Gari lililombeba shangazi lilikuwa jeupe, refu, zuri kwa picha. Tulipoacha lami kuingia njia ya kijijini kwetu, upande wa Butere, halikwenda mbali. Tumbo lilikalia mgongo wa udongo ulioachwa na matrekta ya miwa, tairi za nyuma zikawa zinazunguka bure. Watu waliotoka nyumbani kuja kumpokea kwa nyimbo wakanyamaza mmoja mmoja. Vijana wakasukuma, likakataa. Wakaweka mawe na matawi, likakataa. Mwishowe tulimtoa shangazi pale njiani, tukamhamishia kwenye pikapu ya jirani, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imebeba miwa na majani yake yalikuwa bado sakafuni. Pikapu ikafika bila taabu. Dereva wa kampuni, kijana mwenye adabu, aliomba radhi mpaka tukaanza kumbembeleza sisi. Si yeye aliyechagua gari.

Hata kulitoa jeneza ilikuwa kazi. Sakafu ilikuwa na zulia nene na reli za kung'aa pande zote, lakini haikuwa na rola hata moja, na kilichozuia jeneza lisiteleze ni mito ya satini. Rola za kusukumia jeneza na vizuizi vya kulishika mahali pake ni vitu vya zamani mno katika magari ya maiti ya Uingereza na Marekani. Mmeiga reli za kung'aa mkaziacha rola. Mafundi wenzangu, hapa nawauliza ninyi: mliuliza jeneza litatokaje?

Najua mtasema mnazo Land Cruiser kwa ajili ya barabara mbaya. Ndiyo, mnazo, na mnazitoza zaidi kana kwamba kufika ni huduma ya ziada.

2. Vioo kila upande.

Mkiulizwa mnasema ni mambo ya kisasa. Si ya kisasa. Magari ya maiti ya farasi ya Uingereza ya karne ya 19 yalikuwa na vioo ubavuni, na juu ya paa manyoya ya mbuni yaliyowaonyesha majirani familia ina uwezo kiasi gani. Mnakopa kutoka enzi ya Malkia Victoria mkiita mpya. (Vivyo hivyo na kile chuma kilichopindwa mfano wa herufi S ambacho baadhi yenu mnakibandika ubavuni. Kwa Wamarekani ni kumbukumbu ya bawaba zilizokunja hudi ya gari la farasi. Kwenye HiAce hakikunji chochote.)

Wengine mtanitajia Malkia Elizabeth. Ni kweli, Septemba 2022 alipitishwa London katika Jaguar ya rangi ya damu ya mzee, yenye vioo vikubwa na taa ndani, na watu waliosimama gizani wakaliona jeneza lake vizuri. Lakini wafiwa wa pale ndio hao waliokuwa wamejaa barabarani. Gari liliundwa kwa ajili yao, na kazi yake likaifanya. Mumewe Philip, aliyezikwa Aprili 2021, alichagua njia yake: Land Rover Defender iliyoundwa mwaka 2003, akairekebisha kidogo kidogo kwa miaka, ikapakwa kijani cha kijeshi na kuachwa wazi nyuma pa kulaza jeneza. Mtu wa jumba la kifalme alibebwa na gari ambalo chifu yeyote wa zamani wa Kenya angelitambua kwa mbali. Magari mawili ya nyumba moja hayafanani hata kidogo, kwa sababu kabla ya kuyaunda mtu aliuliza anabebwa nani na anasindikizwa na nani.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa chekechea. Watu wa Nakuru hawakumjua. Wamwone wa nini?

Halafu kuna jua, ambalo wanunuzi wa magari haya hawalifikirii wakiwa kwenye maonyesho. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na ukishapita Kibwezi unaingia joto la Mtito Andei na Voi mchana kutwa. Fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, ina mipaka yake. Paneli ya bati iliyotiwa kizuia joto kwa ndani, na pazia juu yake, inatunza mwili vizuri kuliko ukuta wa kioo. Madereva wenu wanalijua hili kuliko mimi, waulizeni.

3. Taa zisizozimika.

Taa za buluu na zambarau, chini ya gari na kulizunguka jeneza. Tuliposimama Salgaa usiku kujaza mafuta, watu walilizunguka gari wakiwa wametanguliza simu, wanapiga picha. Hawakuwa watu wabaya. Ukileta kitu kinachowaka rangi zote katikati ya malori usiku, lazima mtu atazame. Binti wa shangazi alishuka akajaribu kukiziba kioo kwa leso yake. Tulimwomba dereva azime taa, akatueleza kwamba zimeunganishwa na injini, gari likiwaka nazo zinawaka. Mimi ni fundi. Swichi ya kuzimia taa ni kitu cha pesa kidogo na kazi ya dakika chache. Aliyeliunda gari lile hakuwaza kwamba kuna wakati mtu angetaka giza.

4. Wafiwa hawana pa kukaa.

Gari refu kama lile lilikuwa na nafasi ya dereva, msaidizi wake na mtu mmoja. Nyuma kote ni jeneza, maua ya plastiki na hewa. Mumewe shangazi, mzee wa makamo yake, alisafiri kwenye basi pamoja nasi, akichungulia dirishani kila kona kuona kama gari bado liko mbele. Kwenye Landrova ya misheni angekaa na mkono wake juu ya jeneza kutoka Nairobi hadi nyumbani. Mabasi yenu yenye chumba cha jeneza nyuma yanatatua nusu ya jambo hili, na nawapongeza, ingawa jeneza huwa limefungiwa kama liko gari jingine. Dirisha dogo katikati, lenye pazia la kufungua na kufunga, lingetosha.

5. Matangazo.

Jina la kampuni na namba ya simu kwa herufi kubwa ubavuni, nyuma na juu ya kioo cha mbele. Ndani ya basi, skrini iliyoonyesha picha za shangazi, na kila baada ya picha kadhaa inapita nembo ya kampuni na maneno ya kuisifu. Tumelipia gari. Hatukuwakodisha maiti wetu awe bango.

6. Ving'ora.

Ving'ora ni vya polisi, zimamoto na ambulensi. Mtu wetu hana tena haraka. Sina la kuongeza hapo.

7. Bei ya mbwembwe haitengwi na bei ya safari.

Hili ndilo linaloniuma kama mtu anayechangishwa. Mkitoa bei mnatoa ya mkupuo: gari, taa, zulia, skrini, mapambo, wasaidizi wenye glavu nyeupe. Ukiuliza gari la kawaida linagharimu kiasi gani, unaambiwa lipo, kisha sauti inashuka, na unaonyeshwa gari moja la zamani kwenye kona ya uwanja, halijaoshwa. Mnajua vizuri kitakachofuata. Kwenye kundi la WhatsApp la matanga atatokea mjomba atakayeuliza, "Tutamzikaje mwalimu wa watu na gari kama hilo?" Na watu watachanga tena, wengine kwa mkopo wa simu, ili mama fulani wa kijijini asiseme. Kiasi gani cha pesa hizo kilikwenda kwenye safari, na kiasi gani kwenye rangi ya zambarau, hatujui hadi leo.

Majirani zetu Waislamu wa Pwani wamelimaliza jambo hili zamani. Jeneza ni la msikiti. Anabebwa humo tajiri, anabebwa humo mchuuzi wa samaki, mabegani mwa watu wanaopokezana hatua chache chache kwa sababu kila mmoja anataka thawabu yake, na baada ya maziko jeneza linarudishwa msikitini. Hakuna wa kuuliza lilikuwa la mwaka gani. Siwaombi mbadili dini wala biashara, kutoka Nairobi hadi Butere hakuna mabega yatakayotosha, lakini tusidanganyane kwamba heshima ya maiti haiwezi kupatikana bila taa.

Sasa visingizio vilivyobaki. Mtasema wateja ndio wanaotaka. Wateja gani? Mtu anayekuja kwenu amelala saa mbili, macho yamevimba, anapigiwa simu na ukoo mzima, na anachagua katika vitu mlivyompangia mezani. Mkimwekea magari matatu yanayong'aa na moja lisilooshwa, ataelekeza kidole kwenye linalong'aa, nanyi mtaandika kwamba soko limesema. Mwekeeni gari safi, jeusi au kijani au kijivu, refu la kutosha, lililoinuka kutoka chini, lenye viti vya watu wanne karibu na jeneza, kisha mhesabu tena.

Mtasema dunia yote inaelekea kwenye fahari. Tazameni Japani. Kule kwa miongo mingi walikuwa na magari ya maiti yenye paa la hekalu, la mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu, ukiliona huhitaji kuambiwa limebeba nini. Hakuna nganya yetu inayofika pale. Yamepungua mno katika miaka ya karibuni. Familia nyingi sasa huchagua gari jeusi la kawaida, majirani wa vituo vya kuchomea maiti hawakupenda kuyaona yakipita kila siku, na baadhi ya vituo vikayakataza kuingia. Watu walioianza fahari hiyo kabla yenu ndio wanaoiacha.

Mtasema pia kwamba ushindani ni mkali na gari ndilo tangazo lenu pekee. Hilo nalielewa, nami naishi kwa ushindani. Lakini tangazo lililo bora kwa kazi kama yenu ni mfiwa anayemwambia mwenzake, "Hao walitufikisha." Sisi hatukuweza kulisema.

Ninachoomba ni hiki. Kila kampuni iwe na gari moja angalau la sura ya kawaida, linalotunzwa na kuoshwa sawa na mengine, na lionyeshwe wateja kwanza. Kila gari liwe na swichi ya taa za ndani na za chini, na familia ndiyo iamue ziwake au zizimwe. Kioo kiwe na pazia linalofungika. Sakafu iwe na rola na vizuizi, na kabla ya safari dereva aulize barabara ya mwisho ikoje, gari lichaguliwe kwa jibu hilo bila kutozwa faini ya kukaa kijijini. Skrini isiwe na tangazo. Namba ya simu iandikwe ndogo, mlangoni, kama kwenye magari ya kampuni nyingine. Na bei ya safari iandikwe peke yake, ya mapambo peke yake, kwenye karatasi moja yenye mhuri.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji sheria mpya wala mashine kutoka nje. Mengi yanafanyika katika karakana ya kawaida kwa siku chache. Yeyote kati yenu anayetaka kuunda gari jipya aniletee mchoro kabla hajaanza kukata chasisi. Nitaupitia bila malipo, nitapima njia ya jeneza kutoka mlangoni hadi sakafuni, na nitamwambia mahali tumbo litakapokwama.

Nawapa hadi mwisho wa mwezi ujao mnijibu, mmoja mmoja au kwa pamoja. Baada ya hapo nitaipeleka barua hii kwa viongozi wa makanisa na kwa vyama vya kuzikana vya watu wa Butere, Mumias na Khwisero waishio Nairobi. Hao ndio hasa wanaolipa ankara zenu, na wameshaniuliza ni kampuni gani waipigie simu.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa bodi, Nairobi
Mzaliwa wa Butere